Nyama ya moshi mu lupango: tuangalie kwanza pipa

Mu malupango mingi ya Lubumbashi na Kolwezi, watu wanapenda nyama ya moshi. Siye tuligeuza pipa ya chuma na kuweka resho ya umeme ndani, sababu moto yake inatulia kuliko ya makala.

Tulitoboa matundu chini kwa hewa na waya, na ingine juu kwa moshi. Juu ya resho tunaweka sahani ya chuma yenye vipande vikavu vya mti wa mwembe. Halafu sahani ya kupokea mafuta, na mwisho wavu wa nyama. Joto ndani ya nyama ifike digri 74.

Lakini ndugu wa mugodi, pipa ya kazini musilete nyumbani. Ile iliyobeba asidi ao dawa za usine, hata muioshe mara kumi, sumu inaweza kubakia na kuingia mu chakula ya watoto. Tafuteni ya mafuta ya kula. Waya nayo isiwe ya kuungaunga: pipa yote itashika umeme. Muchomoe mbele ya kugusa wavu.

Umeme ikikatika, mumalizie nyama ku mbabula. Musiiache nusu-mbichi ikingojea.