Fahamu: Saratani zinazowapata watoto
Ukimpiga mwanao picha kwa mwanga wa simu na mboni ya jicho ikang'aa nyeupe, usingoje: mpeleke Hospitali ya Mnazi Mmoja, hapa Zanzibar. Huenda ni retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi walio chini ya miaka 5.

Uvimbe wa taya unaokua haraka, hata meno yakalegea, mara nyingi hudhaniwa jino bovu. Daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, nao ukachukua jina lake. Unahusishwa na virusi vya Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa, lakini huitikia dawa vizuri; ndiyo maana kila wiki inayopotea kwa kusukutua maji ya chumvi inaniuma.

Tumbo lililovimba upande mmoja laweza kuwa uvimbe wa Wilms, wa figo. Homa zisizokwisha, kupungukiwa damu na michubuko isiyo na sababu huweza kuashiria saratani ya damu.

Ng'ambo, Dar es Salaam, kuna Hospitali ya Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha husaidia watoto kutibiwa bila malipo. Saratani haiambukizi, wala mama hana kosa.