Mkopo Wangu wa Dakika Mbili Ulivyofika Kwenye Chama cha Mama

Mama alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo huwa hapigi.

"Mwanangu, uko salama?"

"Niko salama, Mama. Kwani?"

"Kuna kijana amempigia mwenyekiti wetu wa chama. Anasema umekula pesa ya watu na umezima simu."

Simu yangu haikuwa imezimwa. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nimesota, na nilikuwa nimechelewa siku tatu kulipa mkopo wa shilingi 3,000 kutoka apu moja ya mikopo. Mwenyekiti hakuwa mdhamini wangu. Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu kwa sababu niliwahi kumtumia mchango wa Mama siku moja Mama alipokuwa mgonjwa. Basi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Mama ndiye mweka hazina wa chama hicho. Mkutano uliofuata, kabla ya maombi na kabla ya chai, aliweka daftari na pesa mezani akawaomba wenzake wahesabu. Hakuna aliyekuwa amemshuku. Lakini yeye aliona ni lazima.

Tulifikaje hapa?

Hebu turudi nyuma kidogo. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, kazi yake ilikuwa rahisi kueleza: kutuma pesa nyumbani. Hata hivyo, majaribio yake ya kwanza yalilenga kitu kingine, yaani kuwarahisishia watu kulipa mikopo midogo. Wananchi wenyewe ndio waliogundua kwamba wanaweza kutumiana pesa, na kampuni ikawafuata.

Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, ukaweza kuweka akiba na kukopa bila kupanga foleni benki. Januari 2019 ikaja Fuliza, na leo "kufuliza" ni neno hata mama mboga analitumia. Katikati hapo zikamiminika apu za mikopo, nyingi zikiwa hazina ofisi unayoweza kuijua.

Siwezi kusema haya yote ni mabaya. Mtu amelipa hospitali usiku wa manane kwa sababu ya simu. Mwenye kibanda ameongeza stoki alfajiri, akauza, akalipa deni kabla ya jioni. Shida ni kwamba simu hiyo hiyo inayokusaidia pia inakusoma.

Nilichofundishwa darasani

Nilisomea mauzo, na kazi yangu ni kuandika jumbe kama zile unazopokea. Kwa hivyo wacha niseme ukweli: hakuna neno linalowekwa pale kwa bahati.

"Umeidhinishwa" linakufanya uhisi umeshinda kitu, ilhali hukuomba. "Kiwango chako kimeongezwa" linasikika kama nyongeza ya mshahara, kumbe ni nafasi ya kudaiwa zaidi. Ujumbe unakuja tarehe 20 na kitu, wakati mfuko umekauka. Kitufe cha kukubali ni kikubwa na cha kijani, lakini masharti yako kwa maandishi madogo huko chini.

Hata sisi tunakutumia matangazo. Hiyo ndiyo sababu naona tuna deni la kukueleza yanavyofanya kazi.

Hesabu ambayo sikuipiga

Niliomba 3,000. Zilizoingia kwenye simu ni 2,550, kwa sababu ada ya 450 ilikatwa kabla sijaziona. Nilitakiwa kurudisha 3,000 baada ya siku 14.

Shilingi 450 haishtui mtu. Lakini ukikopa hivyo kila wiki mbili mwaka mzima, hiyo ni mara 26. Utakuwa umelipa ada ya shilingi 11,700, na mkononi hujawahi kushika zaidi ya 2,550 kwa mara moja.

Na kulikuwa na bei nyingine. Wakati wa kusajili, apu iliuliza: "Ruhusu kusoma majina ya simu?" Nikabonyeza "Ruhusu" bila kufikiri. Katika sekunde hiyo niliwaweka rehani Mama, mwenyekiti, mhadhiri wangu na fundi wa viatu, na hakuna hata mmoja wao niliyemuuliza.

Sheria inasemaje sasa

Mambo yamebadilika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwa vipi, na ya kukataa zisitumiwe kukuuzia vitu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutisha, kutukana, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako kwa sababu umechelewa kulipa. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilimtoza mkopeshaji mmoja faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia majina na namba za watu kwa njia hiyo. Mwaka huo huo, Google ilizuia apu za mikopo kwenye duka lake kusoma majina na picha za simu.

Lakini apu ukiitoa kwenye linki uliyotumiwa WhatsApp, kizuizi hicho cha duka hakikusaidii.

Kabla hujabonyeza "Kubali"

1. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wakopeshaji wenye leseni, katika tovuti ya Benki Kuu ya Kenya. Usiangalie jina la apu peke yake, angalia kampuni inayoimiliki.
2. Piga hesabu kwa shilingi, si kwa asilimia. Zinaingia ngapi? Zinatoka ngapi? Lini?
3. Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye apu, kisha ruhusa. Apu ya mkopo haina kazi na majina ya watu wako. Zima.
4. Kama si dharura, lala kwanza. Mkopo ambao ni mzuri saa nne usiku utakuwa bado mzuri asubuhi.
5. Ukitishwa, hifadhi jumbe na namba zilizokupigia, kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kumbuka deni bado ni lako, lilipe. Lakini aibu si sehemu ya riba.

Mkopo wangu niliulipa siku ile ile, kwa pesa ya Mama. Alinitumia 3,200, akanipigia kuhakikisha zimefika. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hiyo simu yako imebaki na namba za nani wengine?"

Leo jioni, kabla hujalala, fungua simu yako ujiulize swali hilo hilo.

*Kumbuka: hatutawahi kukupigia kukuuliza PIN yako. Anayeiuliza, mkatie simu.*