Mti ukilalia nyumba: kazi na hatari za msumeno wa mnyororo

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mapema Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilipotangaza kuwa kimbunga Hidaya kinausogelea ukanda wa Pwani, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa na wakazi wengi wa jiji wakajifungia ndani. Kimbunga hicho kilipungua nguvu kilipofika Kisiwa cha Mafia Mei 4, na jiji likapumua.

Hata hivyo, si lazima kije kimbunga ndipo mti ung'oke. Kila masika, kati ya Machi na Mei, ardhi ya kichanga ya Mbagala, Chamazi, Bunju na Kigamboni hulowa maji hadi mizizi ikakosa pa kushikilia. Upepo wa dakika chache unatosha kuuangusha mwembe wa miaka 40 juu ya nyumba ya tofali na bati. Wa kwanza kufika huwa ni majirani wenye mapanga na mashoka. Baadaye hufika askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo kwa mujibu wa sheria yake ya mwaka 2007 lina wajibu wa kuokoa watu katika maafa, mbali na kuzima moto. Chombo kinachotegemewa hapo ni msumeno wa mnyororo.

Watu wengi mjini huujua msumeno huo kwa sauti tu, au kwa kuuona mikononi mwa wapasua mbao. Ule wa kwanza wa umeme uliobuniwa na Mjerumani Andreas Stihl mwaka 1926 ulikuwa na uzito wa kilo 48 na ulihitaji watu wawili kuubeba. Leo mtu mmoja huunyanyua bila shida, na wepesi huo ndio unaowadanganya wengi. Mnyororo wake hukimbia kwa kasi inayozidi mita 20 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 70 kwa saa, umbali mdogo tu kutoka kwenye paja la anayeushika.

Hatari inayoogopwa kuliko zote ni teke. Robo ya juu ya ncha ya ubapa ikigusa tawi, ukuta au msumari wakati mnyororo unazunguka, msumeno mzima huruka juu na kurudi nyuma kuelekea uso na shingo ya mtumiaji. Hutokea kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla ubongo haujatambua kilichotokea. Ndiyo maana mbele ya mpini kuna kinga ya mkono ambayo ikisukumwa hufunga breki ya mnyororo. Ndiyo maana pia askari hufundishwa kushika kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kikiuzunguka mpini wa mbele, kusimama pembeni kidogo ya mstari wa ubapa, na kutokata kitu kilicho juu ya mabega yake. Anayekata kwa mkono mmoja huku amening'inia kwenye ngazi anacheza kamari.

Kuna dhana kwamba sare nzito za kuzimia moto zinatosha. Hazitoshi. Sare hizo hukinga joto, hazikingi meno ya chuma. Suruali ya kazi ya msumeno ina tabaka za nyuzi ndefu ndani yake: mnyororo ukigusa, nyuzi huchomoka, hujisokota kwenye gia na kuusimamisha msumeno kabla haujafika kwenye nyama. Pamoja nayo huhitajika kofia ngumu yenye kioo cha uso, viziba masikio kwa kuwa ngurumo hukaribia desibeli 110, glovu na mabuti yenye ncha ya chuma. Kwa maoni ya mwandishi, kununua msumeno bila suruali hiyo ni nusu ya manunuzi.

Mti uliolalia nyumba haukatwi kama mti uliosimama. Gogo lililoegemea ukuta upande mmoja na ardhi upande mwingine limejikunja katikati: upande wa juu umebanwa, wa chini umevutika. Mtu akianza kukata juu na kwenda moja kwa moja, mkato hujifunga na kuubana ubapa. Inatakiwa mkato mfupi juu, kisha kazi imaliziwe kutoka chini. Tawi lililoshikiliwa upande mmoja tu likiwa linaning'inia ni kinyume chake: huanziwa chini, humaliziwa juu. Asiyesoma mvutano huo hupigwa na tawi linalofyatuka kama upinde.

Lipo jambo jingine ambalo majirani hawalijui. Mti uliong'oka na mizizi yake hubaki na bonge kubwa la udongo lililosimama wima. Shina likikatwa, uzito uliokuwa ukilivuta hutoweka na bonge hilo huweza kurudi shimoni kwa kishindo. Watoto wanaocheza ndani ya shimo hilo, au mtu aliyesimama hapo kupiga picha kwa simu, hufukiwa. Kwa hiyo, umati husogezwa mbali kiasi cha urefu wa mti mara mbili, na hakuna anayekaa nyuma ya mizizi.

Kama kuna mtu amebanwa chini, msumeno hauwashwi kwanza. Hutangulia vipande vya mbao vinavyopangwa chini ya shina kulizuia lisishuke zaidi, kwa sababu kila tawi linaloondolewa hubadilisha uzito wa mti mzima. Kwa ndugu wanaolia pembeni, dakika hizo huonekana ni uzembe. Sivyo.

Vilevile, waya wa umeme uliopo katikati ya matawi huhesabiwa kuwa na umeme hadi Tanesco wathibitishe kuwa wameukata. Kuzimika kwa taa mtaani si uthibitisho.

Miti ya Dar es Salaam nayo ina vituko vyake. Mnazi una nyuzi ndefu zinazojaza kifuniko cha gia na kuziba njia ya mnyororo. Shina lililolala mchangani hufanya meno yawe butu mara moja ubapa unapogusa chini. Na miti ya barabarani imepigiliwa misumari ya mabango ya waganga na madalali kwa miaka mingi. Msumari mmoja uliomezwa na gome unatosha kuharibu mnyororo na kurusha kipande cha chuma.

Tofauti kubwa kati ya msumeno wa mpasua mbao na ule wa kituo cha Zimamoto ni kwamba wa kwanza hufanya kazi kila siku, wa pili hulala wiki kadhaa kisha hutakiwa uwake usiku wa manane kwenye mvua. Petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili huchakaa ikikaa zaidi ya mwezi mmoja, huacha utando na kuziba kabureta. Kwa misumeno mingi ya kisasa uwiano ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita tano za petroli. Ya zamani huhitaji oili zaidi, na kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachofuatwa. Hewa ya chumvi ya Kigamboni na Kunduchi hushika kutu mnyororo usiopakwa mafuta.

Kwa hiyo, ukaguzi wa kila wiki ni kuwasha msumeno na kuujaribu, si kuufuta vumbi. Breki hujaribiwa. Chujio la hewa husafishwa, mfereji wa ubapa na tundu la mafuta huzibuliwa, na ubapa hugeuzwa ili usilike upande mmoja. Mnyororo hunolewa kwa tupa ya duara. Dalili ya ubutu ni msumeno kutoa unga laini badala ya vipande vya mbao, na mtumiaji kuanza kuukandamiza. Ukaze wake hupimwa ukiwa baridi: ukae kwenye ubapa bila kuning'inia, lakini uvutike kwa mkono. Ulioongezwa ukaze wakati wa kazi ulegezwe baadaye, kwani chuma hunywea kinapopoa.

Mafuta hujazwa injini ikiwa imezimwa na kupoa, na kuwasha hufanyika hatua chache kutoka hapo, msumeno ukiwa umekanyagwa chini na breki imefungwa. Kuuning'iniza kwa mkono mmoja na kuvuta kamba kwa mwingine, kama wanavyofanya mafundi wengi mitaani, hakukubaliki.

Mwananchi anayepiga namba 114 anaweza kuokoa muda kwa kueleza mambo manne: kama kuna mtu aliyebanwa, kama kuna waya wa umeme, ukubwa wa mti, na njia ambayo gari kubwa linaweza kupita, hasa katika mitaa ya Goba, Toangoma na Chamazi ambako barabara hukatwa na maji wakati huohuo wa mvua.