Ramani ni Kinga, Si Pambo la Ukutani

Katika madarasa mengi, ramani ni karatasi iliyobandikwa ukutani ili wanafunzi wakariri majina ya mito, kisha wayasahau mtihani ukishapita. Naona kwamba desturi hii inatugharimu, na gharama yenyewe yaweza kuwa roho za watu.

Tuutazame mto Umba. Chanzo chake ki katika milima ya Usambara, nchini Tanzania. Mwisho wake ni baharini, huko Vanga, katika Kaunti ya Kwale. Hivyo basi, mkazi wa Vanga aweza kulala bila ya kuona tone la mvua, akaamka maji yamefika mlangoni, kwani mvua iliyoujaza mto haikunyesha kwake. Mpaka wa nchi mbili hauzuii maji. Anayeuona mto mzima ndiye awezaye kuonya mapema, na jicho hilo leo lipo. Setilaiti hufuatilia mvua, nayo mifumo ya taarifa za kijiografia hupanga katika ramani moja mabonde, nyumba, shule na barabara, hata ijulikane ni nani atakayefikiwa na maji kwanza.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1854, daktari John Snow alitia alama nyumba za waliokufa kwa kipindupindu huko Soho, London. Alama zikalizunguka bomba moja la maji. Karne moja na nusu baadaye, katika utafiti uliochapishwa 2004, wataalamu walizipanga nyumba na vidimbwi vya kijiji kimoja cha pwani yetu ya kusini kwa mifumo hiyo hiyo. Walikuta kwamba wagonjwa wa kichocho walioathirika zaidi walikusanyika kandokando ya kidimbwi chenye konokono wengi waenezao maradhi hayo. Wakenya nao, Januari 2008, walibuni Ushahidi, ramani iliyopokea habari za ghasia za baada ya uchaguzi kutoka kwa raia wa kawaida. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Je, tumepungukiwa na nini? Si vyombo. Setilaiti haijui jina la kivuko ambacho watoto hupitia kwenda shule, wala maji yalifika wapi wakati wa mvua za El Niño za 1997. Wazee wanajua. Wanafunzi wanaweza kuwauliza.

Wako watakaosema kwamba shule zetu hazina kompyuta. Snow hakuwa nayo. Mwalimu wa jiografia wa Lunga Lunga, Msambweni au Diani aweza kuanza kwa karatasi, kalamu na simu moja ya mkononi: wanafunzi waandike visima, vivuko, nyumba za wasiojiweza na miinuko ya kukimbilia.

Hata hivyo, ramani peke yake haimwokoi mtu. Ikifungiwa katika saraka ya ofisi, ni sawa na kengele isiyopigwa. Lazima ifike kwa chifu, kwa maafisa wa kaunti na kwa Msalaba Mwekundu, nao wakubaliane na wenzao wa ng'ambo ya mpaka ni nani atakayempigia nani simu Umba unapofura.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Walimu wenzangu, kazi hiyo yaweza kuanza muhula huu, kabla ya mawingu kukusanyika.