Dereva akizidiwa barabarani: polisi atajuaje kuwa ni mgonjwa, si mlevi?

Lori lenye tela linapoanza kuyumba, askari wa usalama barabarani anayelisimamisha huwa na mambo mawili kichwani: dereva amelewa, au amesinzia. Kwamba dereva anaumwa ni jambo ambalo mara nyingi hufikiriwa mwisho. Katika safari ya takriban kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo, au zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa hadi Malaba, saa moja inayopotea kwa dhana hiyo inaweza kumgharimu dereva maisha yake, na mzigo ukabaki porini bila mwangalizi.

Hali inayochanganya zaidi ni kushuka kwa sukari mwilini. Dereva mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya aina ya glibenklamidi anatakiwa kula kwa wakati. Akimeza dawa asubuhi kisha akakwama kwenye foleni ya Tunduma hadi jioni bila chakula, sukari yake inaweza kwenda chini ya kiwango cha 3.9 kinachotumika hospitalini. Anatokwa jasho, anatetemeka, ulimi unakuwa mzito, anajibu maswali ovyo, na wakati mwingine anakuwa mkali kwa askari. Hizo ndizo dalili zilezile za mtu aliyetoka kilabuni. Kinyume chake nacho kipo: sukari ikipanda kupita kiasi kwa muda mrefu, pumzi ya mgonjwa huweza kutoa harufu ambayo asiyejua huidhania pombe.

Hapo kipima ulevi ni msaada kwa pande zote mbili. Kikisoma sifuri na dereva bado hajitambui, askari ana sababu ya kutosha ya kufikiria hospitali badala ya mahabusu. Hata hivyo, kipimo kikionyesha pombe, haina maana kwamba mtu huyo haumwi. Mwenye kisukari aliyekunywa bia mbili bila kula yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na akilazwa sakafuni mahabusu "mpaka pombe imtoke" huenda asiamke.

Ndiyo maana utingo, au tanboi kama anavyoitwa Kenya, ndiye shahidi muhimu kuliko wote. Kauli moja inatosha kubadili mwelekeo wa shughuli nzima: "Afande, dereva ana kisukari, amemeza dawa saa moja asubuhi na hajala tangu hapo." Matajiri wengi hawamwambii utingo chochote kuhusu afya ya dereva, na madereva wenyewe huficha kwa kuogopa kunyang'anywa gari. Hofu hiyo ina msingi, na haitaondoka mpaka mwenye gari aonyeshe kwa vitendo kwamba anayesema ukweli hapotezi kazi.

Kama dereva bado ana fahamu na anaweza kumeza, apewe kama gramu 15 za sukari: vijiko vya chai vitatu hadi vinne ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 aangaliwe tena, na kama hajapata nafuu arudiwe. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali. Akizinduka asirudi kwenye usukani papo hapo. Miongozo ya Uingereza humtaka dereva asubiri dakika 45 baada ya sukari kurudi katika hali ya kawaida.

Kiharusi ni habari nyingine. Mdomo unapinda upande mmoja, mkono unakosa nguvu, maneno hayaeleweki. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu hivi tangu dalili zianze, tena baada ya kichwa kupigwa picha ya CT, huduma inayopatikana katika hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa ya Dodoma au ile ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Swali la kwanza la daktari litakuwa: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Utingo auandike muda huo, na askari anayempeleka mgonjwa aukabidhi hospitalini. Mgonjwa huyu asipewe chakula, kinywaji wala aspirini njiani.

Kuna kosa moja ambalo linasababishwa na mazoea. Gari likisimama ghafla, utingo huvunja matawi na kuyatandika barabarani. Kila anayepita, polisi akiwemo, husoma matawi hayo kama gari bovu na kuendelea na safari. Matawi na pembetatu viwekwe kwa usalama, lakini mtu asimame mahali salama kando ya barabara kupunga mkono, na simu ipigwe: 112 Tanzania, 999 au 112 Kenya na Uganda, 912 kwa gari la wagonjwa Rwanda. Ataje kijiji, mizani au daraja la karibu.

Wengi huuliza kuhusu PF3. Fomu hiyo ya polisi wa Tanzania inahusu majeruhi wa ajali au shambulio; aliyezidiwa na ugonjwa bila ajali haihitaji, ingawa dereva aliyegonga baada ya kuzidiwa ataihitaji. Nchini Kenya, ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Gharama nayo isipuuzwe. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania bado inaitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, hugharamia matibabu ya dereva aliyeumia katika ajali inayohusu bima hiyo. Kiharusi kilichompata akiwa ameegesha gari si ajali. Msafirishaji asiye na bima ya afya inayovuka mpaka atalipa mwenyewe.

Mzigo wa transiti una saa yake. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2017 kufuatilia makontena kwa pamoja kwa kutumia kufuli za kielektroniki, na Tanzania ina mfumo wake. Lori likisimama mahali pasiporuhusiwa, kituo cha ufuatiliaji hutaka maelezo, na simu ya dereva isipopokelewa shaka huingia. Mwenye gari ampigie wakala wake wa forodha mara moja, wakala aarifu forodha, na utingo asiguse kufuli wala kuendesha gari kama hana leseni ya daraja hilo. Polisi waombwe kulisindikiza hadi kituoni, na taarifa iandikwe kwenye kitabu cha matukio. Namba ya taarifa hiyo ndiyo dereva wa akiba atakayoulizwa akifika kulichukua gari, pamoja na leseni yake, hati ya kusafiria na barua ya mwajiri inayomtaja kuwa ameshika nafasi ya mwenzake.