Uzito wa usukani: Raha ya dereva isizime sauti ya barabara

MADEREVA wawili wakipewa gari moja waliendeshe, mmoja huenda akausifu usukani wake kwa kuwa mwepesi, na mwingine akaulalamikia kwa sababu iyo hiyo.

Kuwaridhisha wote wawili ni kazi ngumu kwa wahandisi wa magari, kwani uzito wa usukani si suala la raha pekee. Ni kupitia kwake ambapo dereva hupata habari za magurudumu.

Gari linapokata kona, mpira wa magurudumu ya mbele hujipinda pale unapogusana na lami. Nguvu inayotokana na kujipinda huko hujaribu kuyarejesha magurudumu yaelekee mbele, na dereva huihisi viganjani mwake.

Nguvu hiyo huanza kupungua kabla gurudumu halijafikia kikomo cha kushika barabara. Hivyo, usukani unapolegea katikati ya kona, hasa barabara ikiwa imelowa, dereva mzoefu hutambua kuwa magurudumu yamekaribia kuteleza.

Mnamo 1951, kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuuza magari ambayo usukani wake ulisaidiwa na shinikizo la mafuta. Madereva walipunguziwa jasho, lakini msaada ukizidi, sauti hiyo ya barabara humezwa.

Mota ya umeme ilichukua nafasi ya mafuta katika gari aina ya Suzuki Cervo, lililouzwa Japani mwaka wa 1988. Katika mfumo huu, dereva akizungusha usukani, ufito mwembamba wa chuma hujipinda kidogo. Kifaa maalumu hupima kujipinda huko, nayo kompyuta huamua mota isaidie kwa kiasi gani.

Kwa kawaida msaada huwa mwingi gari linapoegeshwa na hupungua kasi inapoongezeka, ili usukani usiyumbe kwa mguso mdogo wa mkono.

Kwa kuwa uamuzi ni wa kompyuta, imewezekana kumpa dereva nafasi ya kuchagua. Fiat Punto ya mwaka wa 1999 ilikuwa na kitufe cha kuulainisha usukani zaidi mjini. Baadaye kampuni nyingine zilianza kutoa magari yenye chaguo la usukani mwepesi, wa wastani au mzito.

Hata hivyo, uzito na habari ni vitu viwili tofauti. Kitufe kinaweza kuufanya usukani uwe mzito bila kuongeza lolote kuhusu hali ya magurudumu.

Suala hili lilipata uzito zaidi mwaka wa 2013, gari la Infiniti Q50 lilipotolewa likiwa na mfumo unaopitisha amri za dereva kwa nyaya za umeme, huku kiungo cha chuma kikiachwa kwa dharura tu. Katika gari kama hilo, anachohisi dereva huundwa na mota.

Mhandisi basi ndiye huamua mishtuko ipi ya mashimo ichujwe na onyo lipi limfikie dereva. Akimpendeza dereva kwa wepesi na kulizima onyo la utelezi, atakuwa amempa raha na kumnyima kinga.

Kwa anayenunua gari, busara ni kulijaribu kwenye kona na barabara mbovu pia, wala si katika uwanja wa kuegesha pekee.