Reli ya Mjerumani na Liemba: tuuze skrepa au tuvipe kazi?

Wadau, kila SGR inapotajwa hapa Kigoma, swali kijiweni ni lile lile: reli ya Mjerumani, stesheni na karakana zake vitaishia wapi? Wengine wanasema skrepa tu. Mimi nasema ngojeni kwanza, tuangalie yaliyokwisha kutokea hapa hapa.

Anza na Ujiji. Kabla ya reli, njia ya misafara ya kutoka pwani iliishia pale, na mashua za kwenda Kongo zilipakia pale. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mizigo ikahamia huku, kilometa chache tu. Hakuna aliyeibomoa Ujiji, ilinyang'anywa kazi.

Sasa Liemba. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000 na kuja kuunganishwa Kigoma. Ikaingia majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiichukue. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito. Yaani walijua iko siku itahitajika! Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Miaka ya 1970 injini za mvuke zikatolewa, ikafungwa za dizeli.

Mwaka 2015, ikiwa imetimiza miaka 100, ndiyo iliyowabeba wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga, ambako njia ya uhakika wakati ule ilikuwa ziwa. Ingekuwa imeshakatwa skrepa, wangebebwa na nini? Na iliposimama mwishoni mwa miaka ya 2010, watu wa vijiji vya mwambao wakabaki kutegemea zaidi maboti ya mbao. Wenyewe wanajua shida yake.

Mnaona tofauti? Ujiji ilikosa kazi, ikapoa. Liemba ililala chini ya maji miaka minane, lakini ilitunzwa na ikapewa kazi, ikaamka.

Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa SGR ya Tabora hadi Kigoma, kilometa 506. Reli mpya ni jambo jema, sina ugomvi nayo. Lakini ya zamani isiachwe mpaka ioze ndipo tuanze kuitana kwenye semina. Nairobi walifungua makumbusho ya reli mwaka 1971, na sisi tunaweza. Ila makumbusho peke yake hayatoshi kumlisha kijana wa Mwanga au Kibirizi. Karakana ziwe mahali pa kujifunzia kuchomelea vyuma na kutengeneza injini za boti, maana boti ziwani zipo kila siku na zinaharibika kila siku.

Grisi inapakwa kabla ya kuzama, jamani, sio baada. Tuseme sasa, kabla mnunuzi wa skrepa hajaja na mizani yake.

Naomba kuwasilisha. Nyie mnaonaje?